Tovuti za maana ya majina: ipi ya kuamini? Tumezipima kwa jina Cecilia

Tafuta "maana ya jina Cecilia" mtandaoni, utaletewa majibu manne kwa mkupuo: kipofu, yungiyungi la mbinguni, mwanamuziki, wa sita. La kwanza ndilo mzizi. La pili ni ufafanuzi wa kidini wa karne ya 13. La tatu limetokana na mtakatifu mwenye jina hilo, na la nne limechomekwa kutoka jina jingine kabisa. Tovuti inayojua kazi yake hukutenganishia haya. Nyingi huyamwaga kwenye mstari mmoja na kuyaita yote "maana". Ndiyo sababu Cecilia ni kipimo kizuri kuliko Victoria au Stella, majina ambayo hata tovuti mbovu haiwezi kuyakosea.

Tulizozipima ni Behind the Name, Wiktionary (kamusi huru ya mtandaoni), huduma ya takwimu za majina ya Mamlaka ya Hifadhi ya Jamii ya Marekani (SSA), orodha na programu za "majina ya watoto" zilizojaa kila mahali, na wauzaji wa vibao vyenye maana ya jina. Kwa mwenye haraka: asili ya jina itafute Behind the Name, matamshi na ndugu za jina yatafute Wiktionary, hesabu za waliopewa jina zitafute SSA. Zile orodha zinafaa kukukumbusha majina uliyoyasahau, basi.

Jibu kamili lina nini

Huwezi kusahihisha mtihani bila kuwa na majibu, kwa hiyo tuanze na jibu lenyewe.

Cecilia ni umbo la kike la Caecilius, jina la ukoo mmoja wa Kirumi. Neno la kushika hapa ni ukoo. Katika enzi ya Jamhuri ya Kirumi mwanamume alikuwa na jina lake binafsi, la ukoo, na mara nyingi la tawi la ukoo. Binti kwa kawaida alibeba jina la ukoo wa baba yake likiwa na mwisho wa kike. Binti wa Caecilius akaitwa Caecilia, na mdogo wake naye akaitwa Caecilia. Wakitakiwa kutofautishwa waliongezewa Maior na Minor, yaani mkubwa na mdogo, au Prima, Secunda, Tertia kwa kufuata mpangilio wa kuzaliwa.

Ushahidi upo wazi kwa yeyote anayepita Via Appia, barabara ya kale inayotoka Roma. Kuna kaburi la mviringo, upana wake karibu mita 30, lenye bamba la marumaru lililoandikwa CAECILIAE Q CRETICI F METELLAE CRASSI. Yaani: la Caecilia Metella, binti wa Quintus Creticus, mke wa Crassus. Hesabu kilichomo humo: ukoo, baba, tawi la ukoo, mume. Jengo lote lile kubwa, na hakuna neno hata moja linalomtaja yeye peke yake mbali na watu wake. Kwa Mrumi, basi, Caecilia lilimaanisha "wa akina Caecilius" kabla ya kumaanisha kitu kingine chochote. Tovuti isiyotaja ukoo imeruka hatua ya kwanza.

Hatua ya pili ni mzizi wa jina hilo la ukoo: neno la Kilatini caecus, kipofu. Hakuna ajabu hapa. Warumi walibandikana majina kutokana na maumbile bila kuoneana haya: Naso ni wa pua, Strabo ni mwenye makengeza, Claudius huhusishwa na claudus, mtu anayechechemea. Jina la utani la mtu mmoja likishikamana na wajukuu, linageuka la ukoo na watu wanaacha kufikiria maana yake.

Wenye jina wenyewe walitafuta asili yenye hadhi zaidi. Kamusi ya Festus, mwanazuoni wa Kirumi, inataja madai mawili: kwamba ukoo huu ulitokana na Caeculus, mwana wa mungu Vulcan na mwanzilishi wa mji wa Praeneste (leo Palestrina), au na Caecas, mwenzake Aeneas, yule shujaa wa Troya. Lakini hata Caeculus hakuwaokoa. Servius, mfafanuzi wa mashairi ya Virgil, anaeleza kwamba aliitwa hivyo kwa sababu macho yake yalikuwa madogo, jambo ambalo moshi husababisha mara nyingi. Tumezunguka na kurudi kwenye macho.

Mzizi huohuo bado unafanya kazi mahali pengine. Caecum ni ule mfuko uliozibwa upande mmoja mwanzoni mwa utumbo mpana. Caecilia pia ni jina la kisayansi alilotumia Linnaeus mwaka 1758 kwa jenasi ya wanyama wa jamii ya vyura wasio na miguu, wanaoishi ardhini na wenye macho madogo mno. Haya si ya kuandika kwenye kadi ya ubatizo, lakini yanathibitisha mzizi kuliko blogu mia.

Somo wa jina, na kinanda kilichoingia kwa bahati

Bila Mtakatifu Sesilia, jina hili pengine lingebaki kwenye mawe ya makaburi. Masimulizi ya kifodini chake yaliandikwa katika karne ya 5, yakimweleza kuwa msichana wa ukoo bora wa Roma, aliyeozwa kwa Valerianus na kumvuta mumewe pamoja na shemeji yake Tiburtius katika imani. Wanahistoria huyapokea masimulizi hayo kwa tahadhari, kwa kuwa yaliandikwa muda mrefu baada ya matukio yanayoelezwa. Tovuti nzuri hulisema hilo, angalau kwa neno moja kama "inasimuliwa".

Muziki uliingia kupitia sentensi moja. Siku ya harusi, yanasema masimulizi, vyombo vilipokuwa vikipigwa, Sesilia alimwimbia Bwana peke yake moyoni mwake. Katika Kilatini neno lililotumika kwa vyombo ni organa. Sentensi ilipofanywa antifona, yaani kiitikio cha kuimbwa kanisani, watu walianza kulielewa neno hilo kuwa kinanda, na ule "moyoni mwake" ukasahaulika. Mtu aliyeupa muziki wa harusi kisogo akageuka mpiga kinanda, kisha msimamizi wa wanamuziki wote. Mwaka 1585 Papa Sixtus V alipoidhinisha chama cha wanamuziki wa Roma, chama hicho kiliwekwa chini ya jina la Sesilia, na chuo kilichotokana nacho kinaitwa Santa Cecilia mpaka leo.

Raphael, katika mchoro wake uliopo Bologna, anaonekana kuikumbuka maana ya kwanza. Sesilia wake ameshika kinanda kidogo kikiangalia chini, mabomba yake yakichomoka, na vyombo vingine vimetupwa miguuni huku yeye akisikiliza malaika juu. Kwa hiyo tovuti inayosema "Cecilia maana yake ni muziki" imekosea mara mbili: jina halina maana hiyo, na hata kisa chenyewe hakikuanza hivyo. Iliyo sawa husema jina limehusishwa na muziki kwa sababu ya mtakatifu ambaye sikukuu yake ni tarehe 22 Novemba.

Sasa lile yungiyungi. Si uzushi wa mtandao, na hapo ndipo wakosoaji wengi wa tovuti hizi wanapojikwaa. Jacobus de Voragine, mtawa wa Kidominiko wa karne ya 13, katika mkusanyo wake maarufu wa maisha ya watakatifu, alilifumbua jina hili kwa njia tano: caeli lilia, yungiyungi la mbinguni, caecis via, njia ya vipofu, caelum pamoja na Lia, yule mke wa Yakobo, caecitate carens, asiye na upofu, na caelum pamoja na neno la Kigiriki leos, watu. Chaucer, mshairi wa Uingereza wa karne ya 14, akayarudia kwa Kiingereza. Hakuna kati ya wote wawili aliyekuwa akifanya kazi ya kamusi. Walikuwa wakitafakari, kila herufi ya jina ikitafutiwa fundisho. Na angalia: mbili kati ya tano bado zinataja vipofu, kwa hiyo Jacobus aliujua mzizi vizuri sana. Orodha za kisasa zimechukua ile moja tamu na kuziacha nne.

Matamshi nayo yachunguzwe. Katika Kilatini cha enzi ya Cicero, c ilitamkwa k daima na ae ilikuwa karibu na "ai", kwa hiyo Caecilia ni "Kaikilia". Baadaye ae ikawa e, na c iliyo mbele ya e au i ikalainika kila lugha kwa namna yake: "Chechilia" kwa Kiitalia na Kilatini cha kanisani, s kwa Kifaransa na Kiingereza, "ts" kwa Kijerumani na Kipolandi. Kiswahili kina Sesilia na Sisilia, na hili la pili linafanana kabisa na jina la kile kisiwa cha Italia. Hayahusiani. Kisiwa kilipewa jina la watu waliokaa humo kale, Wasikeli.

Behind the Name

Tovuti hii ipo tangu 1996 na umri wake unaonekana, kwa uzuri na kwa ubaya. Sura ni ya kizamani, lakini kila ukurasa una mpangilio uleule, hivyo ukijifunza jina moja umejifunza yote. Juu kuna jinsia, lugha zinazotumia jina na matamshi. Chini yake ndiyo aya ya maana na historia. Halafu majina yenye undugu, siku za somo kwa nchi mbalimbali, na chati za umaarufu kwa nchi zinazotoa takwimu.

Kwenye kipimo chetu imefaulu bila kusitasita: inaanza na Caecilius, inataja caecus na upofu bila kupaka sukari, kisha inamweleza mtakatifu kama mtu ambaye habari zake zina hadithi ndani yake. Aya ni fupi. Hutapata humo akina Metelli, lile tawi la ukoo wa Caecilius, wala njia tano za Jacobus, na mwenye kutaka historia ya kina atatoka na njaa.

Sehemu yenye thamani kubwa, ambayo wengi hawaifungui, ni ile ya majina yenye undugu. Humo ndimo unapogundua kwamba Cécile ya Kifaransa, Cecily na Cicely za Kiingereza, Cecylia ya Kipolandi, Sissel na Silje za Kinorwe, na Silja ya Kifini zote ni mtu na dada zake. Hata Sheila yumo: Wanormani walilipeleka Cecily Ireland, Waayalandi wakalifanya Síle, na Waingereza wakaliandika upya kwa masikio yao. Mzazi anayetaka kumkumbuka bibi aitwaye Cecilia bila kurudia jina lenyewe ana nafasi pana kuliko anavyodhani.

Maangalizo mawili. Tovuti ina hazina kuu inayohaririwa, na hazina ya pili ya majina yaliyoletwa na watumiaji. Zina sura inayofanana, na mtu anayefika kupitia injini ya kutafuta anaweza asitambue yupo upande gani. Soma kichwa cha ukurasa kwanza. La pili ni vile vipimo vya watumiaji vinavyosema jina linasikika la kisasa au la kizee, la kifahari au la kawaida. Ni kura za waliopita, zinachekesha, na hazisemi lolote kuhusu historia.

Wiktionary, na kamusi iliyo nyuma yake

Kosa la kawaida hapa ni kufungua ukurasa usiofaa. Ukiandika Cecilia utapata sehemu nyingi, moja kwa kila lugha, na maelezo ya Kiingereza mara nyingi ni mstari mmoja tu. Nenda kwenye Caecilia, yenye ae, kisha teremka mpaka sehemu ya Kilatini. Hapo kuna matamshi mawili, ya kale na ya kanisani, kwa alama za kifonetiki, pamoja na jedwali la minyambuliko linaloeleza kwa nini kwenye kaburi la Via Appia limeandikwa CAECILIAE na siyo CAECILIA.

Ubora wake hauko sawa ukurasa kwa ukurasa, kwa sababu yeyote anaweza kuhariri. Ukitilia shaka, bonyeza historia ya ukurasa uone kama sehemu ya asili ya neno imebadilishwa hivi karibuni na kama mhariri ameweka rejeo. Asili isiyo na rejeo ichukuliwe kama dokezo.

Ukitaka kuthibitisha mwenyewe, kamusi ya Kilatini ya Lewis na Short ya mwaka 1879 inapatikana bure kwenye maktaba ya kidijitali ya Perseus ya Chuo Kikuu cha Tufts. Tafuta caecus, kisha Caecilius, kisha caelum. Kazi ya dakika chache, nayo inamaliza mabishano mengi ya kwenye vikundi vya wazazi.

Takwimu za SSA: hodari kwa hesabu, kimya kwa maana

Huduma hii haisemi neno hata moja kuhusu asili ya jina, na ni bora hivyo. Inachofanya ni kuhesabu majina ya kwanza kutoka maombi ya kadi za hifadhi ya jamii, kwa waliozaliwa Marekani kuanzia mwaka 1880.

Njia rahisi ni kisanduku cha kutafuta: andika jina, chagua jinsia na mwaka wa kuanzia. Tatizo lake ni kwamba kinakuonyesha tu miaka ambayo jina lilikuwa ndani ya 1,000 bora. Jina kama Cecily likiwa nje ya mstari huo linaonekana kana kwamba halikuwahi kuwepo. Njia ya pili, ambayo ndiyo tunaipendekeza, ni kupakua faili la zipu la taifa zima. Ndani yake kila mwaka una faili lake la maandishi, kama yob1880.txt, na kila mstari una vitu vitatu vilivyotenganishwa kwa mkato: jina, herufi ya jinsia, idadi. Mstari wa kwanza wa 1880 ni Mary,F,7065. Wanawake wamewekwa kwanza, kutoka idadi kubwa kwenda ndogo. Faili hufunguka kwenye programu yoyote ya majedwali.

Matumizi yana mitego ambayo huzaa makala nyingi za upotoshaji:

Jina lililopewa watoto wasiofika 5 kwa mwaka huachwa kwa ajili ya faragha. Kukosekana kwa jina katika faili hakumaanishi kwamba hakuna aliyelipata.

Kila tahajia huhesabiwa peke yake. Cecilia, Cecelia, Cecily na Cecile ni mistari minne, na ukitaka kujua nguvu ya jina zima lazima ujumlishe mwenyewe. Alama za juu ya herufi hazimo, kwa hiyo Cécile na Cecile hapa ni kitu kimoja. Vistari na nafasi navyo huondolewa, hivyo Julie-Anne, Julie Anne na Julieanne huunganishwa.

Kadi zenyewe zilianza kutolewa mwishoni mwa 1936. Waliozaliwa kabla ya hapo wamo tu ikiwa waliishi hadi wakaomba kadi, na wengi hawakuomba. Ukiona jina "linapanda" kati ya 1900 na 1920, huenda kilichopanda ni idadi ya waliomo kwenye daftari. Linganisha asilimia au nafasi, usilinganishe idadi tupu.

Jinsia haikusahihishwa. Jina la kike lenye herufi M kando yake mara nyingi ni kosa la karani, wala si ushahidi kwamba wavulana waliitwa hivyo.

Kwa jina la Kilatini, faida ya takwimu hizi ni kuvunja dhana kwamba asili ndiyo huliuza jina. Olivia, lenye mzeituni ndani yake, limeshika namba 1 kwa wasichana tangu 2019 hadi takwimu za 2024. Linda, lililotawala 1947 hadi 1952, halikuhitaji Roma hata kidogo. Uingereza na Wales wana huduma ya aina hii ambayo huorodhesha jina kuanzia watoto 3, na Ufaransa inayo inayoanzia 1900. Zote ni za bure.

Orodha na programu za majina ya watoto

Hizi ndizo zinazotokea juu unapotafuta, na ndizo mbaya. Hatuzitaji moja moja kwa sababu zinanakiliana, na kulaumu moja ni kuonea. Makosa yao kwa Cecilia yana chanzo kinachofuatilika.

"Wa sita" limetoka kwa Cecil. Mtu huona Cecil na Cecilia yanafanana, anadhani la kiume limezaa la kike, kisha anahamisha maelezo. Ni kweli Caecilius lilitoa Cecil la zamani, lakini Cecil lililosambaa katika karne ya 19 lilifuata jina la familia ya William Cecil, waziri wa Malkia Elizabeth I. Jina hilo la familia linatokana na Seisyll la Kiwelshi, nalo kutoka Sextilius, ambalo msingi wake ni sextus, wa sita. Cecilia hahusiki hata kidogo.

"Wa mbinguni" lina vyanzo viwili: lile yungiyungi, na jina Celia. Celia ni la ukoo mwingine wa Kirumi, Caelius, ambalo huhusishwa na caelum, mbingu. Kwa kuwa Celia limetumika pia kama kifupisho cha Cecilia, orodha huyaunganisha na kuyapa maana moja. Ukikuta tovuti inayoandika maelezo yaleyale neno kwa neno kwa Cecilia, Celia na Cecil, ondoka, hata kama ina picha nzuri za watoto.

Halafu kuna aibu ya upofu. Baadhi huandika "mwenye busara ya ndani" au "anayeona kwa moyo", wakiipamba caecus mpaka haitambuliki. Mzazi anastahili kuambiwa ukweli na kuamua mwenyewe. Kuna mamilioni ya akina Claudia na hakuna anayefikiria kuchechemea.

Ukitaka kupima tovuti nyingine yoyote kwa dakika tano, ipe majina matatu. Amelia: ikikuambia ni Kilatini tu bila kutaja mzizi wa Kijerumani cha kale amal, imeshindwa, kwa maana imechanganya Amelia na Emilia. Claudia: ikikwepa claudus, inaficha. Vanessa: ikisema ni neno la kale la kipepeo, imeshindwa vibaya, kwa kuwa jina lilibuniwa na mwandishi Jonathan Swift kutoka jina la rafiki yake Esther Vanhomrigh, na vipepeo wakapewa na Fabricius, mtaalamu wa wadudu, mwaka 1807, baadaye sana.

Programu za akili bandia za kujibu maswali huingia kundi hili kwa sharti. Ukiuliza "maana ya Cecilia" kwa ujumla, zinaweza kukuletea mchanganyiko uleule wa orodha, kwa lugha safi zaidi. Uliza kwa kutenganisha: mzizi wa Kilatini ni upi, nani wa kwanza kusema yungiyungi, Cecil linatoka wapi. Kisha hakiki kwenye kamusi.

Vibao, vikombe na vyeti vya maana ya jina

Hii ndiyo bidhaa pekee ya kulipia katika tathmini hii, na ndiyo inayodumu, kwani kosa likishachongwa kwenye mbao halifutiki. Wauzaji wengi huchukua maandishi kutoka orodha zilezile, wakaongeza aya ya tabia: mpole, mbunifu, mwenye msimamo. Aya hiyo hubadilishwa jina tu. Agiza sampuli za majina mawili utaona.

Kabla ya kulipa, hakikisha muuzaji anaruhusu maandishi yako mwenyewe na siyo yale ya hazina yake pekee, na aonyeshe picha ya mwisho kabla ya kuchapa. Mtajie tahajia herufi moja moja, kwa sababu programu za kuchapa hupoteza alama za lugha: Cécile hutoka Cecile, au mbaya zaidi, C?cile. Uliza idadi ya herufi zinazoingia kwenye mstari, kwa kuwa mwandiko wa maua hula nafasi na sentensi ndefu hupunguzwa ukubwa mpaka haisomeki kutoka upande wa pili wa chumba. Maneno "maana yake" yaachwe kabisa ikiwa chini yake kutawekwa yungiyungi. Andika "limefafanuliwa kuwa", na kibao kitakuwa cha kweli na kizuri kwa pamoja. Kwa kibao cha mistari mitatu tungeagiza hivi:

CECILIA
Jina la ukoo wa Caecilii wa Roma
Somo: Mtakatifu Sesilia, 22 Novemba